Timu mbili, basi moja

Ligi ikitaka kupunguza timu, hakosekani kiongozi wa kupendekeza kwamba klabu za mkoa mmoja ziungane ziwe moja yenye nguvu. Ukimsikiliza, hesabu inapendeza: kocha mmoja, uwanja mmoja, mashabiki wa pande mbili jukwaa moja. Kwa anayelipa kiingilio pendekezo hilo ni tusi, na hasira yake ina hesabu pia.

Chukua mji wa Arua, Uganda. Onduparaka ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016, Arua Hill ikafuata mwaka 2021. Zote mbili zimeshashuka, kwa hiyo siku hizi ni rahisi mtu kusema mji ule hauwezi kubeba timu mbili. Basi tuhesabu mafuta. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kwa njia ya Pakwach na Karuma. Basi dogo la Kosta linalokula lita 15 kwa kilomita 100 litahitaji lita 150 kwenda na kurudi. Weka dizeli shilingi 5,000 kwa lita: 750,000 za mafuta tu, bado kulala, chakula na posho. Ligi ya timu 16 ina mechi 15 za ugenini. Timu ya Arua ilikuwa na moja tu kati ya hizo ambayo wachezaji wangeweza kwenda kwa bodaboda, nayo ni dabi, mechi ya mahasimu wa mji mmoja, kutoka uwanja wa Green Light hadi ule wa Barifa. Mechi hiyohiyo ilikuwa ya kujaza uwanja.

Unganisha timu hizo, dabi imekufa. Nafasi iliyobaki wazi kwenye ligi, isipofutwa, itachukuliwa na timu ya mbali, na safari fupi kuliko zote inageuka safari ndefu. Barabara haijapungua hata mita moja. Mapato ya mlangoni ya siku ile kubwa hayapo tena, na hayakuhamia kwa mtu yeyote.

Ni nadra kuona amri ya maandishi inayosema "unganeni". Kinachotumika ni leseni ya klabu kucheza ligi. Masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yana mafungu matano: michezo, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Fungu la miundombinu ndilo linalobana klabu za wananchi. Timu ya taasisi ina mwajiri nyuma yake: KCCA ina mji, URA ina mamlaka ya kodi, Polisi na UPDF (jeshi) wana serikali, Maroons ina Magereza. Hakuna atakayeiambia URA iungane na Polisi kwa sababu zote ziko Kampala. Anayeambiwa ni yule anayechangisha nauli kwenye kundi la WhatsApp. Hapo ndipo shabiki anapochukia, na mimi naona ana haki.

Tusichanganye mambo, lakini. Bunamwaya kuwa Vipers mwaka 2012 ni kubadili jina. Kirinya-Jinja SS kuwa Busoga United ni jina pia, jina pana zaidi. Soana kuwa Tooro United na kwenda Fort Portal ni jina na makazi kwa pamoja. Tanzania wameona lao: Ihefu ya Mbarali iliamka mwaka 2024 ikiitwa Singida Black Stars. Katika mifano yote hiyo, leseni moja ilibaki leseni moja. Kwenye muungano leseni mbili zinaingia, moja inatoka, na mtu fulani huondoka na nafasi mkononi. Swali la kwanza la shabiki liwe hilo: nafasi ya pili inakwenda kwa nani?

Kanuni za FIFA hazikatazi klabu kuungana kwa hiari. Zinachosema ni kwamba kupanda na kushuka kutegemee hasa matokeo ya uwanjani, na zinapiga marufuku kubadili umbo la kisheria la klabu, jina, makao au hisa ili kupata nafasi au leseni kwa kuharibu uadilifu wa mashindano. Pia mtu mmoja hawezi kutawala zaidi ya klabu moja pale uadilifu wa mechi au shindano unapoweza kuharibika. Barua ya malalamiko inayotaja vifungu hivyo husomwa. Inayosema "mmetuua" huwekwa kwenye faili.

Halafu kuna madeni, na hapa ndipo miungano mingi hupasukia. FIFA ina kitu kinachoitwa mrithi wa kimichezo: klabu mpya ikichukua jina, rangi, makao, wachezaji, wamiliki au daraja la ile ya zamani, inaweza kuhesabiwa ndiyo mdaiwa. Usajili mpya haufuti deni, na adhabu yake ya kawaida ni kufungiwa kusajili.

Wachezaji je? Timu mbili zina mikataba kama 50, kikosi kinahitaji nusu. Mchezaji aliyebakiza miezi 14 kwa mshahara wa 800,000, ukimwachisha bila sababu halali, anaanzia madai ya 11,200,000. Akipata timu nyingine, mshahara wake mpya hukatwa humo. Wakiwa 20 wasiopata timu, ni 224,000,000. Ukiuliza fungu hilo limewekwa wapi kwenye bajeti ya muungano, mara nyingi utajibiwa kwa tabasamu.

Japani waliona mwisho wake. Oktoba 1998 ilitangazwa kwamba Yokohama Flügels itamezwa na Yokohama Marinos, baada ya mdhamini kujitoa. Flügels wakashinda mechi zao zote zilizobaki za Kombe la Mfalme, wakalibeba tarehe 1 Januari 1999, kisha wakafutika. Kilichobaki ni herufi moja: F katika jina Yokohama F. Marinos. Mashabiki walikataa kuhamia huko, wakaanzisha Yokohama FC.

Inverness, Uskoti, ni kesi ngumu zaidi kwa upande wetu. Mwaka 1994 Caledonian na Thistle ziliungana ili kuingia kwenye ligi ya taifa, wakongwe wa pande zote mbili wakinuna. Klabu hiyo ilichukua Kombe la Uskoti mwaka 2015. Kwa hiyo muungano unaweza kuzaa kombe. Oktoba 2024 klabu hiyohiyo iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, na Clachnacuddin, jirani ambaye hakujiunga, bado anacheza kwa jina lake.

Shabiki wa Uganda afanye nini mapema? Aende URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, akapekue faili la klabu. Kama ni kampuni, azimio maalumu linahitaji robo tatu ya kura na taarifa ya siku 21. Wengi hugundua hapo kwamba wao si wanachama na hawana kura hata moja. Jezi waliyonunua haihesabiki. Dawa ni chama cha mashabiki kusajiliwa, kisha kiingizwe kwenye katiba ya klabu kama mwanachama, wakati hakuna ugomvi.

Baada ya hapo, alama ya biashara. Sajili jina na nembo kwa chama cha mashabiki, kwa makubaliano na klabu, daraja la 25 kwa jezi na la 41 kwa michezo. Uganda usajili wa kwanza hudumu miaka 7, ukihuishwa ni 10. Kosa la kawaida ni kusajili jina na kuisahau nembo. Kosa baya zaidi ni nembo iliyochorwa bure na kijana wa mtaani ambaye hakuwahi kusaini karatasi ya kukabidhi hakimiliki: siku ya kesi anaweza kudai kwamba mwenye nembo ni yeye. Mtafuteni sasa, mumlipe kitu, asaini mbele ya wakili.