Saa moja ya nani?

Dada yangu ana mwaka wa kumi London, na bado tunagombana kuhusu saa. Juzi kaniambia, "Nipigie saa moja." Nikapiga jua limeshazama hapa Tanga, yumo kwenye treni, amenuna. Kumbe saa moja yake ni saa saba mchana!

Simlaumu sana. Saa yetu inafuata jua, na jua la huku karibu na ikweta halina kigeugeu: Januari hadi Desemba huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Kule London, mwezi wa Juni linazama saa tatu na ushei usiku. Desemba, hata saa kumi alasiri haijafika, limeshazama.

Lakini kilichomshinda kabisa shemeji yangu Mwingereza ni usiku wa Ijumaa. Kwetu siku huanza magharibi, hivyo Alhamisi jua likitua, usiku wa Ijumaa ndio huo. Tulimwalika maulidi ya usiku wa Ijumaa. Akaja Ijumaa baada ya isha, kanzu mpya, manukato, akakuta majamvi yalishakunjwa tangu jana. Tulimpashia pilau.