Nilivyojifunza kusoma pua ya simba kabla ya kutia sahihi

Simba wa kwanza niliyemtilia sahihi alikuwa bado mdogo, na mimi sikujua. Ilikuwa Agosti 2011, kwenye kitalu kimoja cha uwindaji ndani ya Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania. Miombo ilikuwa imeshaungua na kila hatua iliinua majivu. Nilikuwa askari wa wanyamapori mgeni kazini, nimetoka mafunzo ya chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, nimepangiwa kusindikiza safari za uwindaji wa kitalii. Askari anayesindikiza anapaswa kuhakikisha kwamba mnyama anayepigwa ndiye aliye kwenye kibali, kwamba amepigwa kwa njia halali, na kwamba ameandikwa. Sahihi yake ikishakaa pale chini, mnyama anakuwa nyara, na nyara hupanda ndege.

"Ana miaka sita huyu, afande. Tazama manyoya ya shingo," mwindaji bingwa, yule mtaalamu wa kampuni anayemwongoza mtalii, aliniambia. Nikatazama manyoya, nikaandika 6.

Jioni wachunaji walipokuwa wanavua ngozi, mzee mmoja mfuata nyayo, ambaye kambi nzima tulimwita Babu, alinivuta pembeni.

"Mjukuu wangu, pua uliitazama?"

"Pua, Babu?"

"Nenda kaitazame."

Nikaenda na tochi. Pua ilikuwa ya waridi tupu, laini kama ya ndama, na madoa meusi machache sana. Meno yalikuwa meupe na makali, hayana hata ufa. Babu alisimama nyuma yangu akasema tu, "Huyu hata mji alikuwa hajapata." Sikula usiku ule.

Kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 zilikuwa zimeshaweka wazi kwamba simba anayewindwa awe dume mwenye miaka 6 au zaidi. Nilikuwa nimezisoma, na hata kukariri, lakini hakuna aliyenionyesha miaka 6 inafananaje. Sababu ya umri huo niliielewa baadaye, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kunyamaza tena. Dume hupata kundi la majike akiwa na miaka 4 hivi. Watoto wake wanahitaji takriban miaka miwili ya ulinzi wake. Ukimpiga akiwa na miaka 4 au 5, madume wageni huingia na kuua watoto wote wadogo ili majike warudi kwenye joto. Risasi ni moja, ila anayekufa si mnyama mmoja. Mgawo wa kitalu, yaani hesabu ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa, utaonyesha simba 1, na porini watakuwa wamekwenda watano au sita.

Basi nikaanza kujifunza upya, kwa Babu kwanza. Aliniambia nisiyaamini manyoya, maana yapo madume yenye manyoya mengi yakiwa machanga, na kule kwetu kwenye joto kali yapo mazee yenye manyoya haba. Nitazame pua: ya waridi, kisha yenye madoa kama imenyunyiziwa pilipili manga, kisha nyeusi zaidi ya nusu. Nitazame makovu usoni, mdomo wa chini unaolegea, meno yanayogeuka manjano na kulika vibaya. Hakuna alama moja inayotosha peke yake. Msimu ukiisha mafuvu hukaguliwa: jino hupigwa eksirei kuona uwazi wa ndani, ambao huzidi kuwa mwembamba kadiri simba anavyozeeka. Kila nilipopata nafasi ya kuwa karibu na wakaguzi nilisogea, nikashika meno kwa mikono yangu, nikalinganisha na nilichokuwa nimeandika porini. Mwaka wa kwanza nilikosea mara nyingi. Wa tatu, mara chache.

Nikanunua daftari la jalada gumu. Kila dume niliyemwona kitaluni nilimpa ukurasa: tarehe, mahali, pua, makovu, na mistari ya vidoa kwenye shina za sharubu. Vidoa hivyo havifanani kati ya simba na simba, na havibadiliki maisha yake yote. Nilivichora kwa kalamu ya wino, kushoto na kulia.

Kujua umri wa simba kulikuwa sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu ulikuwa kwenye kusema. Watu wa nje hawajui kwamba askari anayesindikiza hulala kwenye hema la kampuni, hula chakula cha kampuni, hupanda gari la kampuni, na safari ikiisha vizuri mgeni, yaani mtalii aliyekuja kuwinda, humwachia bahashishi. Hakuna anayekutishia. Unakaribishwa tu, siku ishirini na moja mfululizo, na mkono unazidi kuwa mzito kuandika jambo baya juu ya watu waliokupa chai asubuhi. Nawalaumu kidogo sana wenzangu waliokuwa wanasaini bila kutazama. Naulaumu utaratibu.

Mtihani wangu ulikuja Septemba 2013, na haukuwa wa simba. Tulikutana na kundi la nyati wakivuka njia. Mgeni akampiga mmoja akiwa bado amekaa juu ya gari. Sheria inakataza kumpiga mnyama kutoka kwenye gari, mwindaji ashuke na kumfuata kwa miguu. Nyati akayumba, akaingia kwenye vichaka vya korongo. Babu akafuata damu. Damu ya mapafu ina povu na rangi angavu, ukiiona unajua mnyama hayuko mbali. Hii ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani: risasi ya tumbo. Mnyama wa namna hiyo anaweza kutembea usiku kucha na kufa baada ya siku mbili.

Tulifuata saa moja. Kisha mwindaji bingwa akasema inatosha, kuna kundi jingine mbele. Walimpata nyati mwingine kabla ya jua kuzama, akafa vizuri. Kibali kikaletwa mbele yangu kikiwa kimejazwa nyati 1.

"Wawili," nikasema. "Mmoja aliyejeruhiwa, mmoja aliyekufa. Na wa kwanza alipigwa kutoka kwenye gari."

Wakacheka kwanza. Baadaye ikaja bahasha. Sikuifungua, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa na kiasi gani. Nilisema sitatia sahihi mpaka iandikwe wawili, na kesho alfajiri tumtafute yule wa kwanza. Miguu ilikuwa inatetemeka chini ya meza. Babu, ambaye kibarua chake kilikuwa mikononi mwa watu walewale, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afande amesema kweli. Mimi ndiye niliyefuata damu."

Asubuhi tulimkuta, si mbali na tulipoachia. Alikuwa hai, amelala, hawezi kusimama. Mwindaji bingwa alimmaliza. Kibali kikaandikwa wawili.

Taarifa yangu niliiandika nakala mbili: saa, mahali, hatua nilizohesabu toka matairi mpaka damu ya kwanza, na ganda la risasi nililoliokota kwenye bodi ya gari. Moja nikapeleka ofisini, moja nikabaki nayo. Hakuna kilichotokea. Msimu ule haukuisha nikawa nimehamishiwa kambi nyingine, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliumia, sifichi.

Mei 2014 ikaonyeshwa bungeni video ya uwindaji wa kikatili uliofanyika nchini mwetu, wanyama wakifukuzwa na kupigwa risasi kutoka kwenye magari. Julai mwaka huohuo Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati ule, Lazaro Nyalandu, akaifutia kampuni husika vibali vyake. Wiki chache baadaye nikaitwa na kuulizwa kama bado ninayo ile nakala yangu. Ninayo, nikasema. Tangu hapo nakala mbili zikawa desturi katika kikosi chetu, na vijana wapya wakaanza kuletwa kwangu nao wajifunze pua.

Mwaka 2015 akauawa Cecil, simba mashuhuri wa kule Hwange, Zimbabwe, na Januari 2016 Marekani ikabana masharti ya kuingiza nyara za simba. Nilishangaa jinsi karatasi za mbali zilivyoweza kunisaidia porini. Ghafla wageni wenyewe wakawa wanauliza umri kabla hawajashika bunduki.

Oktoba 2016 tulikaa kwenye kibanda cha kujificha, giza la alfajiri linaondoka, paja la nyati limening'inizwa mtini kama chambo. Dume likaja, kubwa, manyoya meusi yanayopendeza. Mgeni akavuta pumzi. Nikaweka darubini usoni kwa simba, nikatafuta vidoa vya sharubu, nikafunua daftari. Alikuwa na ukurasa. Nilimwona mara ya kwanza mwaka 2013, mtoto wa kama mwaka mmoja, bado na mama yake.

"Miaka minne," nikanong'ona. "Nina mchoro wake."

Mwindaji bingwa akatazama pua kwa darubini yake, muda mrefu. Kisha akaweka kiganja juu ya mtutu wa bunduki ya mgeni, akaushusha taratibu. Simba akala mpaka jua likachomoza, akajilamba, akaondoka.

Nilimwona tena 2018, na majike watatu na watoto waliokwisha kuwa wakubwa kama mbwa. Pua yake ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Daftari sasa liko kwa kijana aliyenipokea kazi. Alinipigia simu wiki ya kwanza tu akiuliza kuhusu ukurasa wa mwanzo kabisa, ule wa Agosti 2011, kwa nini 6 imekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa 3. Nikamwambia asiufute.