Ardhioevu darasani: mradi wa darasa la nne, Uvinza

Mradi tuliuanza Februari, kwa kuwa tarehe 2 ya mwezi huo ni Siku ya Ardhioevu Duniani. Sisi tuko pembeni kabisa mwa bonde la vinamasi la Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, lenye hekta 3,250,000. Watoto wa hapa wanakula samaki wa bonde hili, wanajua mamba wanajificha wapi. Ila ukiwauliza kwa nini ndege huyu ana mdomo mpana na yule mwembamba, wanajibu Mungu kamuumba hivyo. Sina neno na jibu hilo. Ninachotaka ni waongeze swali la pili: mdomo huo unamfanyia kazi gani?

Tukaanza na midomo yenyewe. Kila kundi lilipata kibano, koleo la mkaa, upawa na chujio la chai. Kwenye beseni moja nilifukia punje za mahindi ndani ya tope, la pili nikalimwagia majani makavu yaliyosagwa yakaelea, la tatu nikaweka vipande vya sabuni vilivyolowa. Kibano kilishinda kwenye tope. Hapo nikawaonyesha picha ya kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu mwembamba wa kuchokoa tope. Chujio lilishinda kwa majani. Sabuni ndiyo iliyoleta kelele darasani! Kibano kiliteleza, upawa ukaisukuma mbali, mpaka binti mmoja aliposhika koleo kwa mikono miwili na kubana kwa nguvu. Picha ya korongo nyangumi ilipotoka, hakuna aliyehitaji kuelezwa: mdomo mpana, makali pembeni, ndoano kwenye ncha, na chakula chake akipendacho ni kamongo, samaki anayeteleza kuliko sabuni.

Kazi ya dodoki ilikuwa fupi. Maji ya tope yakipita kwenye beseni tupu lililoinamishwa hufika chini haraka na tope lake lote. Ukiweka madodoki katikati, yanafika taratibu na yamepungua tope. Inatosha kueleza kwa nini mto unaopita kwenye mafunjo unatoka upande wa pili ukiwa safi zaidi.

Mafunjo nayo tuliyakata. Shina lina pembe 3, halina fundo, na ndani ni jeupe, laini. Niliwaambia wakizamishe kipande majini wakibane kwa vidole: mapovu yakatoka kwenye ncha mfululizo. Mvulana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, hewa hiyo inaenda wapi?" Inashuka kwenye mizizi, kwa sababu tope la huko chini halina hewa ya kutosha. Swali lake nimeliandika ukutani kwa chaki ya rangi.

Kuhusu maji ya bwawa niseme wazi: watoto hawaingii, na hawatumbukizi mikono. Kuna kichocho, ugonjwa wa vimelea wanaotoka kwa konokono wa majini. Nayachota mwenyewe nikiwa na buti na glovu, natoa konokono wote, nayafunika na kuyaacha zaidi ya siku 2 ili vimelea vilivyoelea vife. Ndipo yanaingia kwenye chupa za plastiki zilizokatwa shingo.

Humo tulimpata kereng'ende mchanga, asiye na mabawa bado, rangi ya tope, ametulia chini. Tukamtilia viluwiluwi vya mbu. Kimoja kilipokaribia, mdomo wake wa chini ukafyatuka mbele, ukakinasa na kurudi, haraka kiasi kwamba nusu ya darasa hawakuona. Ikabidi tusubiri kiluwiluwi kingine. Baadaye akaruka mbele ghafla bila kupiga miguu. Anasukuma maji kwa nyuma, palepale anapopumulia. Sijawahi kuona darasa limenyamaza namna ile huku kila mtu ana swali. Michoro yao ilikuwa na miguu 6 iliyohesabiwa vizuri, na mmoja alichora ule mdomo ukiwa umekunjwa chini ya kichwa, jambo ambalo mimi sikuwa nimelitaja.

Lenzi hazitutoshi, kwa hiyo baadhi wanatumia tone la maji juu ya nailoni angavu, na linakuza vya kutosha kuona miguu ya mdudu.

Kinachofuata ni kamongo. Baba wa mwanafunzi mmoja ni mvuvi na ameahidi kutuletea aliye hai. Pipa liko tayari, na hatutalijaza hadi juu, maana kamongo mkubwa lazima apande kuvuta hewa. Kila kundi litakuwa na saa, daftari na zamu yake ya kupima dakika kati ya pumzi moja na nyingine, kisha baba huyo atamrudisha mtoni jioni.