Bata mzinga wa Mzee Peale

Jana usingizi uligoma kabisa. Nikaishia kukodolea macho picha moja kwenye simu karibu saa nzima: ile ambayo Charles Willson Peale, mchoraji wa Marekani, alijichora mwenyewe mwaka 1822, akiwa na miaka 81, ndani ya makumbusho yake kule Philadelphia. Mzee kasimama wima, kavaa nyeusi, mkono mmoja umeinua pazia zito jekundu. Nyuma yake ukumbi mrefu, makabati ya ndege yamepangwa ukutani kuanzia chini, na juu yake picha za watu mashuhuri (binadamu hatukubali kukaa chini ya kunguru). Nusu nyuma ya pazia, anachungulia mastodoni, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, mifupa ambayo Peale aliifukua jimboni New York mwaka 1801.

Wengi humkimbilia mastodoni. Mimi nilinasa pale chini kushoto, kwa bata mzinga aliyekufa. Kalazwa juu ya sanduku la vifaa vya kuchunia, shingo inaning'inia.

Shingo ile naijua. Kila sikukuu bibi alikuwa akinipa kuku nimshike miguu, na akishachinjwa kichwa kinalegea vile vile, kinafuata mkono wako popote unapokwenda. Halafu bibi ananiambia, "Haya, mjukuu wangu, nyonyoa." Peale hakuipamba hata kidogo.

Bata huyo aliletwa na mwanawe, Titian, kutoka safari ya utafiti huko magharibi. Kazi iliyokuwa inamsubiri ni hii: kuchunwa ngozi bila kuharibu manyoya, kupakwa sumu ya aseniki wadudu wasimle, kujazwa, kisha kusimamishwa ndani ya kioo mbele ya mandhari iliyochorwa, aonekane kama yuko kwao. Aseniki hiyo hiyo ilimuumiza Peale mwenyewe, na bado hakuiacha.

Makabati yamejaa ndege waliokwisha tengenezwa, angeweza kutuonyesha hao tu. Lile pazia, kusema kweli, naliona lina ujanja wa mwenye duka: karibu ndani, kiingilio mlangoni. Lakini mtu wa duka haweki mzoga mlangoni. Yeye kauweka, na zana kando yake, na mezani upande wa pili kaacha ubao wake wa rangi, kama vile kazi zote mbili ni moja na zote hazijaisha.

Nikaikuza picha nione kama macho ya bata yamefumba. Ikageuka vijisanduku vya rangi, na chaji nayo ikaisha.