Matundu ya misumari

Mama mmoja wa Mbezi alikuja karakana kwangu Keko akiwa na simu mkononi. Akanionyesha picha ya meza ya kulia chakula: mbao nene, kahawia iliyochanganyika na weusi, kingo hazikunyooka. "Dada fundi, nataka hii hii. Nimeambiwa ni mbao za jahazi." Nikamwambia ninazo, zimelala kule nyuma tangu Ramadhani, ila zangu ni za mashua, siyo jahazi. Tukaenda kuzitazama. Akapitisha kiganja juu ya ubao, akafika kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu, kisha akanigeukia. "Nzuri sana. Haya matundu lakini utayaziba, eti?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo, ndiyo maana naandika. Mtindo wa kuvipa vitu vya zamani kazi mpya umeshaingia Dar, na mimi naupenda kwa dhati, ndio unaonilisha. Lakini wateja wengi wanataka sura ya uzee bila uzee wenyewe, na mafundi nao wameshalijua hilo. Nimeona mpaina mpya kabisa ukipigwa kwa mnyororo, ukababuliwa kwa moto wa gesi, ukapakwa rangi nzito na kuuzwa kwa jina la ubao wa jahazi. Inaniuma. Mpaina ni mti mzuri na mimi nautumia kila wiki. Kwa nini ubebeshwe umri usio wake?

Mbao zangu nilizipata Bagamoyo. Mashua ilikuwa imevutwa juu ya mchanga miaka kadhaa, upande mmoja umeshaanza kuliwa, watoto wanachezea ndani yake. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa nahodha. Nilimpa shikamoo, tukakaa, tukaongea habari nyingine kabisa kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye mbao. Nilipomwambia nataka kutengeneza meza alinyamaza kidogo. "Meza ya kula?" Ndiyo, babu. "Basi mwanangu, usiukaushe haraka. Huu umezoea maji, ukiutia juani utakuchanikia."

Nilidhani kuivunja ni kazi ya siku mbili. Ilichukua wiki. Mbao za chombo hazikupigiliwa ili zije kutoka. Unaingiza mtaimbo taratibu, unasikiliza, ukisikia mlio wa kupasuka unaacha na kuhamia msumari unaofuata. Na ukifanikiwa kutenganisha mbao mbili, katikati yake unaikuta pamba, ile ya kalafati, iliyosokotwa, ikalowekwa mafuta na kushindiliwa kwa tindo ili maji yasipite. Niliivuta kwa vidole ikatoka ndefu kama utambi wa taa, bado ina ute wa mafuta. Chini kwenye tumbo la mashua kulikuwa na tabaka la deheni, mafuta na chokaa waliyopaka kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mti. Msumeno ulipoingia kwenye ubao wa kwanza, harufu iliyotoka haikuwa ya mti. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa. Nguo zangu zilinuka siku tatu.

Sasa hayo matundu. Msumari wa mashua hizi za zamani ni kazi ya mhunzi, mwili wake una pande nne. Ukikaa ndani ya mti miaka na miaka pamoja na maji ya chumvi unatoa kutu, na kutu ikikutana na tanini iliyomo ndani ya mti inageuka kama wino. Unachoona juu ya ubao ni tundu la pembe nne na kulizunguka doa jeusi linalofifia kuelekea nje, likifuata mishipa ya mti kwa hiyo si duara kamili, limevutika kama tone lililodondokea kitambaa. Randa haiwezi kuliondoa maana limezama. Ukitaka kuliondoa lazima uule ubao mpaka uwe mwembamba, na ukishakuwa mwembamba huna tena ubao wa mashua.

Meza yangu ya kwanza ya mbao kama hizi niliiharibu, na niseme ilivyokuwa ili mwingine asipitie huko. Mbao zilionekana kavu. Nikazipiga randa, nikaunganisha, nikapaka vanishi tabaka tatu, nikampelekea mteja mwezi wa pili. Masika ilipoingia akanipigia: meza inatoa jasho. Nilikwenda, nikagusa, kweli uso wake ulikuwa na unyevu, vanishi imeanza kupanda malengelenge, na skrubu za miguu zimeota kutu. Chumvi ilikuwa bado imo ndani ya mti, nayo chumvi huvuta maji kutoka hewani. Nilimrudishia pesa yake yote. Siku hizi mbao za baharini nazimwagia maji baridi ya bomba mara kwa mara kwa wiki kadhaa, naziacha kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, na vanishi sizipaki kabisa. Napaka mafuta na nta. Mti upumue.

Kabla ya randa napitisha sumaku kwenye kila ubao, polepole, pande zote mbili. Kipande kimoja cha msumari kilichokatikia ndani kinatosha kuumaliza wembe wa mashine, au jicho la mtu.

Nisiwe kama naongelea mashua tu, kwani wengi mnaoniandikia mnauliza paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Paleti ni mali, na kwa mji wenye bandari kama wetu zinapatikana. Ila kabla hujalala juu yake, isome. Paleti iliyosafiri nje ya nchi huwa na muhuri wa kuchomwa kwa moto au kupigwa wino: suke la ngano, herufi za nchi, namba, halafu herufi mbili. Ukiona HT, mti ulipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, huo chukua. Ukiona MB, ulifukizwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Huo usiingize chumbani, wala usiukate kwa msumeno ukavuta vumbi lake, wala usipikie. Na hata yenye HT inuse. Kama ilimwagikiwa dawa ya shamba au oili, msasa hautaitoa.

Tairi nazo. Stuli ya tairi iliyozungushiwa kamba ya katani inapendeza kweli, mimi mtoto wa Tanga kamba ya katani siwezi kuisema vibaya. Lakini nimeona watu wanaziweka barazani zikiwa wazi chini na juu. Mvua inanyesha, maji yanatuama mle ndani, na mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hapo. Toboa tairi matundu kwa chini, funga juu kwa ubao, ndipo uanze kuzungusha kamba.

Kuhusu makabati ya MDF nitasema machache. Yanang'aa, yanafika na maboksi yake, na kwa mwenye chumba cha kupanga anayehama kila mwaka naelewa. Lakini sisi tunadeki. Maji ya kudekia yanafika chini ya kabati kila asubuhi, ule unga uliogandishwa kwa gundi unayanywa, unavimba, mlango haufungi. Nimeletewa mengi nitengeneze, na mengi nimeyarudisha yalivyo kwa sababu skrubu haina pa kushika tena. Wakati huohuo mteja huyohuyo ananiambia kitanda cha bibi yake cha mvule kiko stoo, kimelaliwa na magunia. Jamani. Kileteni! Mvule haujafa. Unahitaji kufunguliwa viungo, kusafishwa ndimi zake, kutiwa gundi upya, na godoro la kipimo chake.

Turudi kwenye matundu. Kuna kiti kinachoitwa Throne of Weapons, kiti cha enzi cha silaha, kilichotengenezwa Maputo mwaka 2001 na msanii Kester, Cristóvão Canhavato, kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita vya Msumbiji. Watu walirudisha silaha wakapewa cherehani, baiskeli, zana za kazi. Kiti hicho sasa kipo British Museum, London. Nimekitazama kwenye picha mara nyingi kwa jicho la fundi. Kester angeweza kuyeyusha vyuma vile akapata kiti laini. Hakufanya hivyo. Kitako cha bunduki kimebaki kitako, mtutu umebaki mtutu, na ukitaka kuketi unajua unaketia nini. Mholanzi Piet Hein Eek naye, alipohitimu usanifu Eindhoven mwaka 1990, alitengeneza kabati la mbao za majumba yaliyobomolewa, na rangi kuukuu za milango na madirisha akaziacha zionekane. Na Lamu je? Sisi tunavunja vyombo kufanya meza, wao mwaka 2018 walishusha majini jahazi zima la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, chini ya mkono wa fundi Ali Skanda. Plastiki tani 10 na kandambili 30,000 hivi. Mwili wake ni rangi za kandambili waziwazi, nyekundu, bluu, kijani. Wangeweza kulipiga rangi nyeupe likapendeza kama mengine, nalo lingekuwa chombo kingine tu kinachopita.

Nilimweleza mama wa Mbezi sehemu ya hayo, siyo yote. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Nina wajukuu watatu. Wali ukiingia kwenye hayo matundu nani atautoa?" Alikuwa na haki. Meza ni ya kula. Nilikuwa nimeupenda ubao kuliko watu watakaoukalia.

Tukakubaliana hivi. Matundu yote ya juu niyajaze epoksi isiyo na rangi, ile inayokauka ikawa kama kioo, ili doa lionekane na umbo la tundu lionekane, lakini punje isiingie. Ilinichukua siku mbili kwa sababu unajaza kidogo, unasubiri mapovu yatoke, unajaza tena. Ukimwaga yote mara moja, hewa inabaki ndani na tundu linakuwa na ukungu. Nilitumia bomba la sindano la famasi, tundu kwa tundu. Yalikuwa 64. Sasa ukiweka taa juu ya meza, kila tundu linashika mwanga kidogo kutoka ndani. Sikulipanga hilo, lilitokea. Matundu ya upande wa chini nimeyaacha wazi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka nilipiga picha meza nzima kutoka juu nikamtumia mjukuu wa yule nahodha, amwonyeshe babu. Niliahidi. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti. Sauti ya mzee, karibu sana na simu, na nyuma yake jogoo anawika.

"Mwanangu, umeziweka mbao siyo mpangilio wake, lakini si kitu. Huo wa tatu kutoka dirishani naujua. Una matundu mawili mawili, yaliyokaribiana? Huo ulikuwa wa upande wa kulia, kuelekea omo, kule mbele. Ulipasuka tukiwa safari ya Pangani, tukapigilia kiraka palepale ufukweni, mimi na marehemu kaka yangu. Misumari ya pili ni ya kiraka. Kaka yangu ndiye aliyeipiga, ndiyo maana imekwenda upande, alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Nikainama chini ya meza na tochi. Kweli, matundu ya pili yote yameingia kwa kulala, kama mvua ya upepo. Siku mbili nzima nimeyapitia kwa sindano nisiyaone.

Gari la kubebea lilikuwa limeshafika getini. Nikachukua penseli, nikaandika chini ya ubao wa tatu, karibu na mguu ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki: Pangani, kiraka, mkono wa kushoto. Kisha nikawaita vijana waje kubeba.