Aliyepoteza nyumba anadaiwa karatasi

Jamani hili suala la nyumba kwa watu waliokumbwa na maafa linaniuma, ntalisema tu. Ukitaka chumba mjini hapa Unguja mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, na uende na kitambulisho na barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, wa ulikotoka. Sasa mtu katolewa na maji usiku wa masika, godoro linaelea, hiyo miezi sita aitoe wapi?

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mjane, alilala skuli na wanawe mpaka wanafunzi wakarudi madarasani ikabidi watoke. Nilimkuta barazani kwa watu kaanika vyeti vya kuzaliwa vya watoto juu ya mkeka, kimoja kimoja, kaviwekea vijiwe visipeperuke, wino ushasambaa hata jina husomi. Akanambia, "Mwanangu, kila ninapobisha hodi naulizwa karatasi, na karatasi zenyewe ndo hizi."

Na sie Wazanzibari ndo wa kulijua hili kuliko wengine. Januari 2001, baada ya yale mauaji ya Pemba, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, ndugu zetu hao, na wengine wakapelekwa hadi kambi ya wakimbizi ya Dadaab kule kukame, watu wa pwani! Tanzania yenyewe imo kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tangu mwaka 1964, na kifungu cha 21 kinataja makaazi kabisa, kwamba mkimbizi aliyepo nchini kihalali asiwekwe chini ya wageni wengine. Sasa ikiwa mkimbizi kutoka nje anafikiriwa makaazi, mwenzetu aliyetolewa na maji je?

Na sio kwamba hatujawahi kuwapa makaazi wasio na nyumba. Zilipovunjwa nyumba za Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, kupisha majumba ya Michenzani, waliovunjiwa walipewa fleti. Na kabla ya hapo wazee wetu waliacha nyumba za wakfu Mji Mkongwe, watu wanyonge wakikaa bure au kwa kodi ndogo mno, maana mwenyewe keshaitoa kwa ajili ya Mungu, hatafuti faida.

Mie ninachoomba ni hichi: kila mradi mpya wa nyumba za serikali utenge fleti chache za waliopatwa na maafa, na nyumba ya wakfu ikiwa wazi wafikiriwe wao mwanzo, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na barua ya sheha wa pale walipojihifadhi itoshe, vyeti vyengine vitafuata baadae.