Siku Moja ya Fundi Simu: Wi-Fi Inapokataa Kuwaka

Saa 1:20 asubuhi

Nilishuka kwenye basi la mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi, nikaelekea Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako nina meza yangu ndani ya duka la vipuri vya simu. Nimeamua kuiandika siku hii kwa sababu jana pekee nilipokea simu tatu zenye ugonjwa mmoja: mwenye simu anabonyeza kitufe cha Wi-Fi, kinasogea kidogo kama kinataka kukubali, kisha kinarudi mahali pake. Wawili kati ya watu hao walikuwa wameshaambiwa kwingine kwamba dawa ni kuflashi, yaani kuifuta simu na kuipakia programu zake upya. Jambo hilo linaniuma, kwa kuwa kuflashi mara nyingi huondoka na kila kilichomo ndani ya simu, na chanzo cha tatizo kikiwa kwenye bodi, ile sahani ya ndani inayobeba vifaa vya umeme vya simu, simu hurudi kwa mwenyewe ikiwa tupu na Wi-Fi yake ikiwa bado imezimika.

Wi-Fi isiyowaka haifanani na Wi-Fi isiyounganika. Simu ikiwasha Wi-Fi na kuona majina ya mitandao, lakini ikashindwa kuingia, basi tunaangalia nywila, ruta, au tarehe ya simu iliyokaa vibaya. Isipowaka kabisa, ruta haina kosa lolote. Tatizo limo ndani ya simu yenyewe, ama kwenye programu zake ama kwenye bodi. Kazi yangu yote ya leo ilikuwa kujua ni upande upi kabla ya kushika kifaa chochote cha kupashia moto.

Saa 2:30 asubuhi

Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye simu ya zamani inayotumia Android 9. Wi-Fi yake ilikuwa inawaka kwa sekunde mbili, kisha inajizima. Nilihakikisha kwanza kwamba hali ya ndegeni haijawashwa, maana nimeshaona watu wazima wakihangaika siku nzima kwa ajili ya alama ile ndogo ya ndege. Haikuwa hiyo. Nikamuuliza kama Bluetooth inawaka, akasema inawaka vizuri na anaitumia kila siku. Jibu hilo lilinitosha kuiacha bodi kwanza, kwa sababu katika simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth hukaa ndani ya aisii moja, yaani kijidude kimoja cha kielektroniki kilichobandikwa kwenye bodi, na aisii ikiugua huwa inaugua na vyote viwili.

Nikaiwasha simu katika hali salama: unashikilia kitufe cha kuzimia mpaka menyu itokee, unabonyeza na kushikilia neno la kuzima, kisha unakubali. Katika hali hiyo simu hutumia programu ilizokuja nazo tu, na zote zilizopakuliwa baadaye hulala. Wi-Fi iliwaka na ikabaki imewaka. Tukarudi hali ya kawaida na kuondoa programu moja iliyodai kuokoa betri, ambayo kumbe ilikuwa inazima Wi-Fi kila inapoona haina kazi. Kuanzia Android 10 programu za kupakua zilianza kunyimwa uwezo huo wa kuwasha na kuzima Wi-Fi, lakini simu za nyuma ya hapo bado zimejaa mikononi mwa watu, na kwa simu hizo hali salama ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Sikumtoza kijana yule, kwa kuwa hakuna nilichofungua.

Saa 3:40 asubuhi

Akaingia mama mmoja wa makamo, fundi cherehani kutoka Manzese, simu ameifunga kwenye kipande cha kitenge.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeletwa na Wi-Fi. Imekufa.”

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, na wala sikuigusa simu mpaka alipomaliza. Alisema ilianza kidogo kidogo: asubuhi kukiwa na ubaridi ilikuwa inawaka, jua likipanda inakataa, na sasa ni wiki ya pili haiwaki saa yoyote. Nyumbani kwao wapangaji wanachangia intaneti ya mwezi, yeye ametoa mchango wake kama wenzake, na bado analazimika kununua bando kila siku. Fundi wa kwanza aliyemwendea alitaka kuflashi.

“Nikamuuliza, vipimo vyangu vitabaki? Akasema vitaondoka. Nikachukua simu yangu nikaondoka mimi.”

Vipimo hivyo ni picha. Kila mteja anapopimwa, mama huandika kifua, kiuno, nyonga, bega na urefu wa mkono kwenye karatasi, anaipiga picha, kisha karatasi inapotelea kwenye vipande vya vitambaa. Ana miaka minne ya wateja ndani ya simu ile, na hana nakala popote. Nilipozitazama picha zile nilielewa kwa nini alifunga simu kwenye kitenge.

Nikamuuliza kama simu iliwahi kuanguka. Ndiyo, ilianguka kutoka kwenye meza ya cherehani hadi kwenye sakafu ya saruji, ila kioo hakikupasuka, kwa hiyo hakuona haja ya kulitaja. Bluetooth? Haiwaki. Kisha akaongeza mwenyewe jambo ambalo nisingefikiria kuliuliza: hata redio, ambayo huisikiliza kwa hedifoni akiwa anashona, haishiki stesheni tena, naye alidhani waya wa hedifoni ndio umekatika, akanunua nyingine.

Hapo nilikuwa nimepata karibu jibu lote. Simu yake inatumia prosesa ya MediaTek, na katika simu nyingi za aina hiyo aisii moja ndogo hubeba Wi-Fi, Bluetooth, redio ya FM na GPS kwa pamoja. Nilitoka na simu hadi barazani, nikafungua programu ya kuhesabu setilaiti ili kuipima GPS, nikasubiri dakika tano chini ya anga wazi. Haikuonekana hata moja. Mambo manne yanayokaa chumba kimoja yakizimika pamoja, baada ya simu kuanguka, tena yakiwa yalianza kwa kufuata ubaridi na joto, fundi hana sababu ya kukimbilia kompyuta ya kuflashi.

Saa 4:15 asubuhi

Hata hivyo nilifuata utaratibu, kwa kuwa dhana nzuri nayo inaweza kudanganya. Cha kwanza kilikuwa nakala. Niliunganisha simu na kompyuta kwa waya, nikachagua uhamishaji wa faili, nikanakili picha zote na kumwomba mama afungue tano mwenyewe kwenye kompyuta ili ajiridhishe. Bila nakala siifungui simu ya mtu, kwa sababu bodi ikikutana na moto hakuna fundi anayeweza kuapa kwamba itaamka.

Kisha nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, nikatazama anwani ya MAC ya Wi-Fi, namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Ilisomeka 02:00:00:00:00:00. Namba hiyo si anwani halisi. Ni ya kujazia tu, na katika simu isiyowasha Wi-Fi maana yake kwangu ni kwamba mfumo umeita aisii na aisii haikuitika. Nikaweka upya mipangilio ya mtandao, baada ya kumweleza kwamba nywila za Wi-Fi zilizohifadhiwa zitafutika lakini picha hazitaguswa. Nikajaribu pia hali salama. Hakuna kilichobadilika.

Tukapatana shilingi 35,000 endapo itapona, na 5,000 ya kufungulia endapo nitashindwa. Nilimweleza wazi kwamba kuna uwezekano wa kushindwa. Akasema atarudi jioni.

Saa 6 mchana

Katikati nilishughulikia simu moja iliyoletwa na fundi mwenzangu wa mtaa wa pili. Hii ilikuwa inawasha Wi-Fi, lakini kwenye orodha ya mitandao kulikuwa na jina la ajabu: “NVRAM WARNING: Err = 0x10”. Huo si mtandao wa mtu. Ni simu yenyewe inayolalamika kwamba sehemu ya kumbukumbu inayotunza vipimo vyake vya redio, pamoja na anwani ya MAC, imeharibika. Simu ilikuwa imeflashiwa kwa faili ya toleo jingine. Bahati nzuri mwenzangu alikuwa amehifadhi nakala ya sehemu hiyo kabla, tukairudisha, na onyo likatoweka.

Nilikula wali na maharage kwa haraka nikiwa nimesimama.

Saa 8 mchana

Nilifungua simu ya mama. Nilipasha joto mfuniko wa nyuma mpaka gundi ikalegea, nikapitisha kadi nyembamba ukingoni, nikatoa skrubu na kuchomoa waya wa betri kabla ya waya mwingine wowote. Bodi ilipokuwa nje, niliilisha umeme kutoka kwenye pawasaplai, volti 4, nikarudisha kioo chake na kuiwasha. Kisha nikabonyeza kwa ncha ya plastiki juu ya kifuniko cha bati kilichofunika aisii ile, huku mkono wa pili ukigusa kitufe cha Wi-Fi.

Iliwaka. Majina ya mitandao ya jengo zima yakamiminika kwenye kioo. Nilipoiachia ile ncha ya plastiki yakatoweka.

Kijana ninayemfundisha kazi alitaka tuishie hapo: tuweke kipande cha karatasi ngumu juu ya bati, tufunge, mgandamizo ufanye kazi. Nimeshaona simu nyingi zilizotengenezwa hivyo. Wengine huipuliza simu nzima kwa mashine ya kukaushia nywele, au huiweka kwenye friza, na kweli Wi-Fi huwaka kwa saa chache, kwa sababu chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na pale palipopasuka pakagusana kwa muda. Ufa unabaki palepale. Mama ametumia bando kwa wiki mbili, na sikutaka arudi Kariakoo mwezi ujao.

Nikapima kwanza kwa mita kama njia za umeme zinazoingia kwenye aisii zimegusana na nchi, yaani zimepiga shoti. Zilikuwa salama, na volti 1.8 ilikuwa inafika. Basi umeme upo, aisii ipo, kilichokatika ni kiungo katikati yao.

Saa 9 alasiri

Saa hii ndiyo inayonifanya niipende kazi yangu. Nilifunika kamera, maiki na soketi za plastiki kwa utepe wa njano unaostahimili moto, nikaondoa bati, nikapaka fluksi, dawa ya kusaidia risasi ya kulehemia ishike, kuzunguka aisii na kuiweka bodi kwenye sahani ya kupashia ili upande wa chini usiachwe baridi. Risasi ya kulehemia isiyo na madini halisi ya risasi ndani yake, ambayo viwanda hutumia siku hizi, huyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 217, lakini hewa ya bloa, mashine ya kupulizia hewa ya moto, inapoteza joto njiani, hivyo niliiweka kwenye 340 na kuizungusha taratibu bila kuituliza mahali pamoja. Chini ya hadubini fluksi ilianza kutokota pembeni, kisha ikatulia na kung’aa. Niliigusa aisii kwa ncha ya kibano, kwa upole kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Ikateleza unywele mmoja na kurudi yenyewe mahali pake. Hiyo ni alama kwamba vidonge vyote vya risasi vilivyo chini yake vimekuwa maji.

Wengi huacha hapo na kuzima bloa. Mimi niliinyanyua. Chini yake, kwenye kona inayoelekea ukingo wa bodi, nukta mbili zilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia badala ya kung’aa. Mahali hapo risasi ilishaachana na bodi siku nyingi, na kuyeyusha tu juujuu kungeweza kuiacha ikiwa imeegemea bila kushika. Nilifyonza risasi ya zamani kwa waya wa shaba, nikasafisha kwa spiriti, nikazipaka risasi mpya zile nukta mbili mpaka zikang’aa, nikaweka stensili, kibati chenye matundu madogo, juu ya aisii, nikapaka risasi ya uji, nikapasha vidonge vipya vikasimama vyote katika mistari yao, na kuirudisha mahali pake. Kisha nikaiacha ipoe yenyewe. Kupuliza hewa baridi juu ya risasi moto ni kualika ufa mwingine.

Saa 10:30 jioni

Wi-Fi iliwaka kwa mguso wa kwanza. Anwani ya MAC sasa ilikuwa na tarakimu zake halisi, Bluetooth ikaunganika na spika ya duka, na barazani simu ikahesabu setilaiti tisa. Sikuifunga bado. Kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa unafuata joto, niliiweka karibu na balbu ya mezani huku ikipakua faili kubwa, nikaiacha saa nzima, nikaipoza, nikairudisha tena. Haikukatika. Ndipo nikapaka gundi mpya na kufunga mfuniko.

Saa 12:30 jioni

Mama alirudi. Hakuanza na Wi-Fi; alifungua picha, akateremka nazo mpaka za mwaka wa kwanza, akahesabu kwa midomo. Kisha akatoa hedifoni kwenye mkoba, akaichomeka, akasikiliza kidogo, akanipa upande mmoja wa sikio nisikie taarifa ya habari. Nilimweleza kwamba ikikataa tena ndani ya miezi mitatu airudishe bila malipo, na nikamwonyesha namna ya kuweka picha zake kwenye akaunti yake ya Google kila anapokuwa na Wi-Fi, ili vipimo visiishi tena ndani ya kifaa kimoja.

Nilifunga meza saa 1:15. Nikiwa nimeshafika nyumbani, saa 3 usiku, uliingia ujumbe wake: “Imeshika, mwanangu. Picha zinapanda, imeniambia zimebaki mia nane.”